Ukuta wa Kanga

Kama hukuolewa Tabora miaka ile, wala hukuoza binti, basi kuna raha moja ya dunia imekupita, na pole yako. Harusi ya Tabora ilikuwa na pande mbili. Upande wa nje, barazani, wanaume walikaa juu ya majamvi wakinywa kahawa na kuzungumza habari za asali na za gari moshi la Kigoma, wametulia kwa adabu utadhani wamekuja msibani. Upande wa ndani, uani, nyuma ya ukuta mrefu ambao jicho la mwanamume haliruhusiwi kuuvuka, walikuwa wanawake. Na wanawake wakishakuwa peke yao, jamani, hayo ni mambo mengine kabisa.

Huko uani ndiko walikopatia jina lao wale wawili: Sindano na Ngoma.

Sindano alikuwa Zeyana, binti wa marehemu Humaidi aliyekuwa na duka Gongoni. Zeyana aliolewa Nzega, akakaa na mume, mtoto hakuja, mume akachoka kungoja, akamrudisha kwao na sanduku lake la nguo. Basi, mnajua wenyewe. Katika nyumba kubwa za Waarabu wa Tabora, mwanamke aliyeachika hapigwi wala hatukanwi. Hupewa chumba cha nyuma karibu na jiko, akawa anaitwa kila kitu kikihitaji kuokotwa, kupepetwa au kubembelezwa. Wifi zake hawakumwita hata jina. Walisema, "Mwambieni yule wa chumba cha nyuma."

Lakini baba yake alikuwa amemwachia kitu. Humaidi, enzi za uhai wake, alikuwa akipeleka mchele na asali Kigoma na kurudi na dagaa, na kila aliporudi, ndani ya magunia ya dagaa mlikuwa na santuri alizonunua kwa watu wa Kongo kule ziwani. Santuri za Kuba. Rumba, cha-cha-cha, na nyingine ambazo hata majina yake hakuyajua. Alikuwa na gramafoni mbili za kuzungusha kwa mkono, maana moja ikiwa kwa fundi asikae bila nyimbo. Alikuwa akimpakata Zeyana na kumwambia, "Wanaoimba humu, mwanangu, ni wajukuu wa watu waliochukuliwa bara hili kwa nguvu wakavushwa bahari. Na njia hii ya kwetu nayo ilipitisha watu shingoni wamefungwa, na babu zako walikuwemo katika biashara hiyo. Mimi sina la kuwalipa. Basi angalau nyimbo zao zipite hapa zikirudi nyumbani." Halafu alikuwa akilia kidogo, akapangusa macho kwa kilemba, akazungusha mpini tena.

Kwa hiyo Humaidi alipofariki na kaka zake Zeyana wakataka kugawa vitu, yeye aliomba gramafoni mbili na kasha la santuri, akaachia mengine yote. Walimcheka. Akaanza kuzipiga kwenye harusi, maana fundi wa gramafoni hakuruhusiwa kuingia uani, naye Zeyana aliruhusiwa.

Ngoma alikuwa Paskazia wa Ntalikwa, Mkristo wa misheni ya Kipalapala, mama wa watoto wengi, mwenye mikono mipana kama majani ya tumbaku. Walikutana katika harusi moja ya Isevya. Paskazia hakualikwa kucheza. Aliletwa kusaidia kupika pilau. Katikati ya rumba, santuri ikiwa imenoga na wanawake wameshika viuno, springi ya gramafoni ikaisha nguvu. Mnajua inavyokuwa: sauti ya mwimbaji inalegea, inakuwa nzito, inalala, imekufa. Wanawake wakabaki wamesimama na kiuno kimoja juu. Aibu ikamshika Zeyana, mpini ukamponyoka.

Ndipo kutoka jikoni ikasikika: du, du, du, du. Paskazia amegeuza debe tupu, anapiga. Wala hakupiga kwa mbwembwe. Alipiga mdundo wa jembe, ule ule ambao baba yake aliwapigia wakulima Ntalikwa waliposimama mstari mmoja na majembe yakawa yanashuka pamoja. Mdundo usiopanda wala kushuka, usiochoka, unaokwambia lima tu, lima, jua bado. Wanawake, bila kuambiwa, wakaanza tena kusogea. Na Zeyana, hata leo ukimuuliza hajui alifikiri nini, aliweka santuri nyingine kwenye gramafoni ya pili, akasikiliza mkono wa Paskazia ukija, ukija, akashusha sindano.

Rumba ikakaa juu ya jembe kama mtoto mgongoni mwa mama yake.

Wee! Uani kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa hajasimama bila fimbo tangu masika. Siku hiyo fimbo ilitupwa. Vigelegele vilisikika mpaka barazani, wanaume wakaulizana kama bibi harusi amezirai. Zeyana alitazama mlango wa jiko, akamwona yule mwanamke mnene, jasho linamtoka, masizi usoni, anapiga debe huku akicheka, akasema moyoni: huyu Mungu amemleta kwa ajili yangu. Akamwambia, "Shoga, usiache." Paskazia akajibu, "Niache niende wapi? Pilau imeshaungua."

Kuanzia hapo hawakutengana. Gramafoni mbili, ngoma moja katikati. Santuri moja ikielekea kwisha, mdundo wa Paskazia unaishika mkono, unaivusha mpaka kwa nyingine, na wachezaji hawajui hata ilipokatika. Sindano za chuma zilipoadimika madukani, Paskazia alichonga miiba ya mgunga kwa wembe, wakatumia hiyo. Sauti ikawa ndogo zaidi lakini tamu, laini, na ndani ya kuta za uani ilitosha na kubaki. Tabora nzima ikawa harusi haipangiwi siku mpaka Sindano na Ngoma waulizwe kwanza. Na wale wifi? Walianza kumwita Zeyana kwa jina. Walianza hata kumwita "dada". Yeye usiku alikuwa akilitamka jina lake mwenyewe taratibu, akatabasamu gizani.

Sasa, ilipofika mwaka ule wa watu kuhamia vijijini, akaja Yoramu.

Yoramu alikuwa bwana wa utamaduni wa serikali, kijana mwenye suti ya mikono mifupi na kalamu nyingi mfukoni. Hakuwa mtu mbaya, nasema mapema msije mkamchukia bure. Alipenda ngoma za nchi hii kwa moyo wake wote na aliogopa zitakufa, na mtu mwenye hofu hiyo huona adui kila mahali. Alikaa barazani kwa kina Zeyana, akamwamkia Bibi Fakhria, mama mzazi wa marehemu Humaidi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kunywa kahawa kwanza ndipo uniudhi."

Yoramu akacheka kidogo, akanywa. Kisha akasema lililomleta. Muziki wa kigeni ulikuwa unakaguliwa. Sindano na Ngoma wanaitwa sasa hata kwenye sherehe za vijiji vya ujamaa, na yeye anaulizwa kibali. "Nyimbo za Kuba, Bibi, zinatuhusu nini sisi? Wakulima wetu wanazo ngoma zao."

Zeyana alikuwa nyuma ya pazia na Paskazia. Aliwaza chumba cha nyuma, alisikia kabisa sauti ya wifi yake ikiita, "Mwambieni yule." Akasema kwa nguvu kutoka ndani, "Basi waulize hao wakulima!"

Bibi Fakhria akageuza shingo. Yoramu naye akaweka kikombe chini.

"Sawa," akasema. "Sabasaba, kijiji kipya cha Choma kinafunguliwa. Manju Lugembe, kiongozi wa ngoma za kule, atakuwepo na kundi lake. Njooni msimame naye kiwanjani kwa desturi ya kule. Watu wakiwa kwenu, kibali mnacho mpaka mchoke wenyewe. Watu wakiwa kwake, gramafoni zinakaa kabatini, harusini na kwingine kote. Mnakubali?"

Paskazia alimfinya Zeyana mkono amzuie. Amechelewa. Zeyana alikuwa ameshasema ndiyo.

"Unaijua desturi ya kule?" Paskazia alimuuliza Zeyana, Yoramu alipokwisha kuondoka.

"Tutapiga, naye atapiga, watachagua."

"Mama yangu! Hakuna kupokezana, shoga. Ngoma mbili zinaanza wakati mmoja, kiwanja kimoja, huyu huku na huyu kule. Watu wanatembea tu. Ukimpendeza mtu anakuja kwako, akichoka anakwenda kwa mwenzio. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye bingwa. Hakuna kura wala hotuba, miguu tu. Na huyo Lugembe anacheza na chatu mzima shingoni! Nani atamwacha mtu mwenye chatu aje kutazama sahani inazunguka?"

Zeyana akakaa chini.

Na bado Bibi Fakhria hajasema. Bibi alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye ulimi wa pilipili, na neno lake katika nyumba ile lilikuwa la mwisho. "Umeahidi, utakwenda," alisema. "Mwana wa Humaidi harudi nyuma. Lakini mjukuu wangu hapigi santuri mbele ya macho ya wanaume. Mtakaa ndani ya ukuta."

"Bibi, kiwanjani hakuna ukuta."

"Basi mtakwenda nao."

Hivyo ndivyo walivyosafiri na lori la kijiji kwenda Choma: gramafoni mbili zimefungwa blanketi kama wagonjwa, ngoma ya Paskazia, Bibi Fakhria kiti cha mbele karibu na dereva akimkosoa kila kona, na wanawake wa mjini na wa Ntalikwa nyuma, kila mmoja na kanga zake, za kuvaa na za ukuta. Kwenye vituo watu waliwauliza wanakwenda wapi. Walijibu, "Kushindana na chatu." Watu walivunjika mbavu.

Choma kulikuwa na watu, ee Mola! Wengine walikuwa wamehamia juzi tu kutoka maboma yao ya mbali, bado wanatafutana majirani, bado hawajui nani anakaa nyumba ya nani. Vumbi, ng'ombe, harufu ya maziwa na ya tumbaku. Ng'ambo ya kiwanja palikuwa na jukwaa dogo la miti, na juu yake viti vya wageni. Yoramu alikaa kiti cha katikati, kalamu zake zinametameta.

Na Lugembe. Zeyana alimchungulia, naye hakuweza kujizuia: alimpenda pale pale, kwa jinsi fundi anavyompenda fundi. Mtu mrefu, mwembamba, si kijana tena, njuga miguuni mpaka magotini. Alipopiga mguu chini, njuga zake zilisema neno moja tu, na neno hilo lilisikika mpaka upande wa pili wa kiwanja. Alimtoa chatu kwenye gunia polepole kama mtu anavyomtoa mtoto kwenye beseni, akamvisha shingoni, akamnong'oneza kitu. Watoto walipiga yowe. Watu wote wakamwagikia kwake.

Paskazia akasema, "Anza, shoga. Usimtazame."

Wanawake walifunga kanga kwenye miti waliyoichimbia ardhini, wakazishika na kwa mikono vilevile, ukatokea ua wa mviringo, wa rangi zote, na ndani yake Zeyana na Paskazia na vyombo vyao. Zeyana akashusha mwiba wa mgunga juu ya santuri aliyoipenda baba yake kuliko zote.

Na hapo ndipo alipogundua kosa lao.

Katika maisha yao yote walikuwa wamepiga ndani ya kuta. Ukuta wa mawe na udongo unaipokea sauti na kukurudishia, nayo inakuwa kubwa kama nyumba. Kanga hairudishi kitu. Kiwanja ni wazi, mbuga haina mwisho, na ngoma za Lugembe zinanguruma kama magari. Rumba ya Kuba ilitoka kwenye pembe ya gramafoni, ikafika kwenye magoti ya Zeyana, ikaishia hapo. Hawakuwa wamewaza jambo hilo hata mara moja! Walikuwa wamewaza chatu, wamewaza haya, wamewaza njia, hawakuwaza kwamba kanga haina mwangwi.

"Haisikiki," alisema. Machozi yalimlenga. "Paskazia, haisikiki. Nimejimaliza mwenyewe."

"Mimi naisikia."

"Wewe uko hapa!"

"Basi na waje hapa," alisema Paskazia. Akakaza mdundo wake, wala hakuuongeza sauti. Huo ndio ushujaa wake ninaousifu mpaka leo. Mwingine angepiga kwa hasira apambane na ngoma za Lugembe, akaiua rumba kabisa. Yeye alipiga kwa kipimo cha santuri, du, du, du, du, kwa upole, kama amepewa siku nzima na shamba ni lake.

Nje ya kanga hapakuwa na mtu. Mbuzi mmoja alipita.

Wale wanawake wa ndani ya ua, kwa kuwa walikuwa wameshakuja na hawana la kufanya, wakaanza kucheza. Walicheza kama uani, hakuna wa kuwatazama, hakuna wa kumwogopa. Mmoja akapiga kigelegele. Kigelegele, mnajua, hakihitaji ukuta.

Mwanamke mmoja wa Choma, jina lake Ng'washi, alikuwa amesimama mwisho wa kundi la Lugembe, mtoto mgongoni. Alisikia kigelegele, akageuka. Akaona kanga zinatikisika na miguu inaonekana chini yake, miguu mingi, inakwenda pamoja. Akaja. Bibi Fakhria, aliyekuwa mlinzi wa mlango akiwa amekalia ndoo, akamwuliza, "Mwanamke?" Akamfungulia. Ng'washi akaingia. Hakutoka upesi, na alipotoka alikuwa ameloa jasho, kilemba kiko begani, akawakimbilia wenzake akisema kwa Kisukuma maneno ambayo sitayaeleza hapa, kwa sababu yalikuwa ya wanawake.

Wakaja wanne. Wakaja wengi. Ua ukapanuliwa, kila aliyeingia akatoa kanga yake na kuongeza ukuta.

Na wanaume? Jamani, mwanamume mwambie kuna kitu hakimhusu, ndipo utamjua. Wakaanza kusogea mmoja mmoja, mikono nyuma, wakijifanya wanatafuta ng'ombe. Wakasimama mbele ya kanga. Wakasikia kitu, lakini kidogo. Mmoja akasema, "Nyamazeni tusikie." Wenzake wakanyamaza. Waliokuwa nyuma wakasogea mbele. Sauti ilikuwa ndogo, na asiyeisikia ilimbidi aje, na aliyekuja alimkuta mwenzake anamwambia shhh. Katika kiwanja kile cha vumbi na makelele pakatokea umati mkubwa wa watu waliokaa kimya, vichwa vimeinama, wanasikiliza mwiba wa mgunga ukikuna santuri ya kisiwa cha mbali, na chini yake jembe la Ntalikwa.

Ndani, Zeyana hakujua lolote la huko nje. Alijua tu kwamba jua linashuka na mikono yake inauma. Akabadilisha santuri, akazungusha gramafoni ya kwanza. Akashika mpini wa ya pili, akazungusha, akasikia kitu ndani yake kikisema tak.

Springi imekatika.

Alimtazama Paskazia. Paskazia alikuwa ameshaelewa. Kuanzia hapo palikuwa na gramafoni moja tu, na santuri iliyokuwa inacheza ilikuwa inakaribia kwisha. Itabidi aitoe, aweke nyingine, azungushe upya, na pengo lote hilo libaki juu ya mikono ya Paskazia. Na mikono ile ilikuwa imepiga tangu alasiri bila kupumzika. Vidole vilikuwa vimevimba, kimoja kinatoka damu.

Santuri ikaisha. Paskazia akabeba. Du, du, du. Zeyana akabandua, akabandika, akazungusha. Du, du. Akaona mkono wa kulia wa shoga yake unachelewa. Du. Ukakosa.

Na pale palipokosa, kutoka nje ya kanga, pakaingia njuga. Cha!

Mdundo ukainuka tena. Du, cha. Du, cha. Paskazia aliinua uso, macho yamemtoka. Njuga za nani tena? Hakuna aliyekuwa na njuga zenye sauti ile Choma nzima ila mtu mmoja. Zilikaa ndani ya jembe lake sawasawa, zikachukua ule upande uliomwuma, zikamwachia upande aliouweza. Zeyana akangoja mguu ule ushuke, akashusha mwiba. Rumba ikaingia, na wanawake ndani na wanaume nje wakaachia sauti moja.

Wimbo ulipokwisha, ikasikika sauti nje ya kanga, ya mtu anayehema. "Hodi, wenye nyumba."

"Wewe na joka lako hapo hapo mlipo!" alisema Bibi Fakhria.

"Nimemwacha kwenye gunia, mama. Nimekuja peke yangu."

Alikuwa Lugembe. Ngoma zake kule zilikuwa zimebaki na wapigaji wake wawili, nao walikuwa wamezikalia. Jua lilikuwa limegusa miti.

Yoramu akajitokeza katikati ya watu, jasho linamtoka. "Ndugu wananchi," alisema, "hili haliwezi kuhesabiwa. Watu hawakuja kwa muziki, wamekuja kuchungulia. Na wimbo wenyewe ni wa kigeni. Ushindi ni wa Lugembe."

Ndani ya ua Zeyana alishika kitambaa mdomoni. Aliona chumba cha nyuma, mlango wake, msumari wa kutundikia ungo. Paskazia alimshika bega kwa mkono wenye damu, wala hakujali kwamba anamchafua.

Lugembe akasema, si kwa hasira, "Bwana Yoramu, baba yangu alishindwa kwenye ngoma. Babu yangu alishindwa, tena na mtu mwenye nungunungu. Lakini hapajatokea mtu wa kuwanyang'anya kushindwa kwao. Leo nimeshindwa mimi. Niachie."

"Lakini, manju..."

"Miguu yangu mwenyewe imenileta hapa. Miguu hii, yenye njuga, haijawahi kumfuata mtu. Unataka kuwaambia watu kwamba inasema uongo?" Akanyoosha mkono kuelekea jukwaani, ng'ambo ya kiwanja kitupu. "Na kile kiti cha katikati, bwana mkubwa. Kile kisicho na mtu. Ni cha nani?"

Watu wote wakageuka wakatazama kiti. Wakageuka tena wakamtazama Yoramu, aliyekuwa amesimama pua yake imegusa kanga, na ambaye, ukweli usemwe, alikuwa pale muda mrefu kabla hajafungua mdomo. Kicheko kilichoangukia Choma siku hiyo kiliwafanya ng'ombe waache kunywa maji. Yoramu alijaribu kukaza uso. Akashindwa. Alicheka mpaka akatoa kalamu moja mfukoni bila sababu, akairudisha.

"Kibali mnacho," alisema. "Harusini na kwingine kote."

Zeyana hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye vumbi karibu na gramafoni mbovu, akalia kidogo kama alivyokuwa akilia baba yake. Paskazia akakaa naye. Nje, Lugembe aliuliza kama anaweza kusikia ule wimbo mmoja tena, akiwa karibu, kama haitakuwa kosa.

Wanawake walimtazama Bibi Fakhria. Ukuta ulikuwa wake, na neno lilikuwa lake.

Bibi aliinuka taratibu kwenye ndoo. Akaenda mpaka kwenye mti wa kwanza, akafungua kanga iliyofungwa pale, iliyokuwa yake. Ukuta ukabonyea upande mmoja, na kwa mara ya kwanza Zeyana akauona umati, watu wale wote, kimya, wanamngoja.

"Bibi, si ulisema..."

"Nilisema," alijibu Bibi Fakhria, akiikunja kanga na kujifunga kiunoni, fundo likakaa vizuri. "Sasa nataka kanga yangu. Nataka kucheza."